Mwanafasihi Mbele ya Jiji: Maswali Yenu kuhusu Paris ya Walter Benjamin

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa barua zinazouliza juu ya utafiti wa Walter Benjamin, mhakiki wa fasihi kutoka Ujerumani, kuhusu Paris ya karne ya 19. Barua tumezifupisha, lakini maswali yenyewe hatukuyagusa.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia. Katika orodha ya vitabu tulivyopangiwa umo utafiti wa Benjamin, na nimeambiwa kwamba hakuwa mwanahistoria wala mtaalamu wa mipango miji, bali msomi wa fasihi. Naomba unieleze: mtu aliyefunzwa kusoma mashairi anapata wapi uwezo wa kuandika historia ya jiji, na shairi linaweza kutuonyesha nini ambacho nyaraka za serikali haziwezi kutuonyesha?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako ni la haki, na jibu lake linaanzia kwenye maisha ya mtu mwenyewe. Benjamin alizaliwa Berlin mwaka 1892, akapata udaktari wake Bern mwaka 1919 kwa tasnifu kuhusu dhana ya uhakiki miongoni mwa waandishi wa Kiromantiki wa Ujerumani, kisha akaandika tasnifu ya pili, juu ya tamthilia za majonzi za Kijerumani za karne ya 17, ambayo ingemfungulia njia ya kufundisha chuo kikuu. Mwaka 1925, huko Frankfurt, alishauriwa aiondoe mwenyewe kabla haijakataliwa, naye akaiondoa. Tangu hapo aliishi kwa kalamu: makala za magazeti, vipindi vya redio na tafsiri. Kabla ya hapo, mwaka 1923, alikuwa amekwisha kuchapisha tafsiri ya mashairi ya Charles Baudelaire, mshairi Mfaransa wa karne ya 19, yanayohusu mandhari za Paris. Basi aliingia katika jiji hilo kwa mlango wa ushairi, na alipoanza kukusanya maandishi kulihusu mwaka 1927, alidhani anaandaa makala moja tu ya gazeti. Kazi hiyo hakuiacha hadi alipofariki mwaka 1940, ingawa aliisimamisha kwa miaka kadhaa katikati.

Alichokifuata kwanza si watawala wala sheria, bali vipito vya maduka. Hivi vilikuwa njia nyembamba zilizopenyezwa katikati ya majengo, zikaezekwa kwa kioo juu ya fito za chuma, zikapangwa maduka pande zote mbili. Vingi vilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Passage des Panoramas kilifunguliwa karne hiyo ilipokuwa inaanza, na kikawa miongoni mwa mahali pa kwanza Paris kuwashwa taa za gesi. Galerie Vivienne na Passage Choiseul ni vya miaka ya 1820, na Passage Jouffroy ni cha miaka ya 1840. Ili tuelewe kwa nini watu walivipenda, inafaa tukumbuke hali ya mitaa ya nje wakati huo: barabara nyingi hazikuwa na nafasi ya waendao kwa miguu, magari ya farasi yalipita karibu kabisa na kuta yakiwarushia watu tope, na mvua iliponyesha hapakuwa na pa kujisitiri. Ndani ya kipito mtu aliweza kwenda polepole, akitazama bidhaa bila kununua, naye mwenyewe akitazamwa. Benjamin alinakili taarifa isemayo kwamba mnamo mwaka 1839 ilihesabiwa kuwa ni umaridadi mtu kutoka matembezini akiwa na kobe.

Mtafiti wa takwimu angeweza kuipita taarifa hiyo kama kichekesho. Mwanafasihi haipiti, kwa sababu amezoea kuuliza kwa nini kitu kidogo kimewekwa pale kilipowekwa. Kumtembeza kobe mbele ya watu ni kutangaza kwamba muda wako ni mali yako, na tangazo hilo lina maana tu katika jiji ambalo watu wengi wamekwisha kunyang'anywa muda wao na saa ya kiwanda na ya ofisi. Ukilinganisha taarifa hiyo na kanuni za kazi za wakati uleule, unaanza kuona mgongano wa mienendo miwili ndani ya mtaa mmoja, na hapo ndipo historia ya jiji inapoanza kuwa historia ya watu waliolikalia.

Sasa nije kwenye ushairi wenyewe. Mwaka 1860 Baudelaire alichapisha shairi la bata maji, ambalo mwaka uliofuata liliingia katika toleo la pili la diwani yake Les Fleurs du mal. Mshairi anapita kwenye uwanja mpya wa Carrousel, karibu na jumba la Louvre, mahali ambapo mtaa mzima wa zamani ulikuwa umebomolewa. Anakumbuka kwamba hapo zamani palikuwa na maonyesho ya wanyama, na kwamba alfajiri moja alimwona bata maji aliyetoroka kizimbani akiburuta mabawa yake kwenye mawe makavu, kando ya mfereji usio na maji. Anasema Paris ya kale haipo tena, na kwamba umbo la jiji hubadilika upesi kuliko moyo wa binadamu. Hati za manispaa zitakuambia ni nyumba ngapi zilivunjwa na fidia ilikuwa kiasi gani. Hazitakuambia kwamba mkazi aliyebaki, aliyekuwa akipita palepale kila siku, alianza kujihisi mhamishwa ndani ya jiji lake. Tena shairi haliishii kwa mshairi: kuelekea mwisho anatokea mwanamke Mwafrika, amekonda na anaugua kifua kikuu, anakanyaga tope huku macho yake yakiitafuta minazi ya Afrika nyuma ya ukuta wa ukungu. Ubomoaji wa mtaa mmoja wa Paris unaunganishwa na msiba wa watu waliong'olewa makwao ng'ambo ya bahari. Mimi sijui hati ya mipango miji ya enzi hiyo inayothubutu kufanya hivyo.

Kwa hiyo shairi halichukui nafasi ya hati. Tarehe, gharama na majina ya wakandarasi tutaendelea kuvitafuta kwenye kumbukumbu za serikali, na Benjamin mwenyewe alifanya hivyo kwa bidii: majalada yake yamejaa dondoo kutoka vitabu vya takwimu, miongozo ya wasafiri, ripoti za polisi na kumbukumbu za maofisa. Shairi linaonyesha namna jicho la mkazi lilivyofunzwa upya na mtaa, na jambo hilo ni sehemu ya historia sawa na ujenzi wa mtaa wenyewe.

SWALI: Katika semina yetu tuliambiwa kwamba mwanafalsafa Theodor Adorno, rafiki yake Benjamin, aliikosoa vikali kazi hii. Je, kosa alilolitaja ni la kweli? Na kama ni la kweli, kwa nini tuendelee kuisoma?

JIBU: Hapa, ndugu yangu, umegusa kiini, nami nitakaa hapa kwa muda kidogo, kwa kuwa kila mwanafasihi anayelichunguza jiji hupita kwenye hatari hiyohiyo.

Mwaka 1938 Benjamin aliipelekea Taasisi ya Utafiti wa Jamii, iliyokuwa imehamia New York kuukimbia utawala wa Hitler, insha ndefu kuhusu Paris ya Baudelaire. Adorno alimjibu mwezi Novemba mwaka huohuo. Lawama yake kubwa ilikuwa kwamba Benjamin anachukua jambo moja la kiuchumi na kulibandika moja kwa moja kwenye shairi, bila kuonyesha mlolongo unaoviunganisha. Mfano alioutaja ni mvinyo. Kwenye malango ya Paris mvinyo ulitozwa ushuru, na mvinyo wa kawaida ulilipiwa sawa na ule wa bei ya juu, hivi kwamba wafanyakazi walivuka nje ya malango kwenda kunywa kwa bei nafuu. Benjamin aliuweka ushuru huo kando ya mashairi ya mvinyo ya Baudelaire, hasa lile la waokota matambara, akamwachia msomaji aone uhusiano. Adorno alisema hivyo havitoshi: utamaduni hauelezwi kwa kipengele kimoja cha uchumi, bali kwa kupitia mwenendo mzima wa jamii.

Mimi naona Adorno alikuwa na haki katika kanuni. Ushuru hauandiki shairi. Wako watafiti wengi ambao wakishapata bei ya mkate ya mwaka fulani na beti mbili za mwaka huohuo hudhani wamemaliza kazi, na uvivu wa namna hiyo haufai kutetewa kwa jina la Benjamin. Hata hivyo, mlolongo ambao Adorno aliudai unaweza kupatikana, na sehemu zake nyingi zimo ndani ya majalada ya Benjamin. Hebu tuufuate.

Katika shairi hilo mwokota matambara anakuja usiku, chini ya mwanga mwekundu wa taa ya mtaani, akitikisa kichwa, akijikwaa na kugonga kuta kama mshairi. Hawajali wapelelezi wa polisi. Amelewa, na katika ulevi wake anakula viapo, anatunga sheria tukufu, anawaangusha waovu na kuwainua walioonewa. Sasa jiulize: kwa nini mwokota matambara, na si mwashi au mchukuzi? Kwa sababu katika miaka hiyo karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara. Mwaka 1836 Émile de Girardin alianzisha gazeti la La Presse kwa ada ya faranga 40 kwa mwaka, nusu ya ile iliyozoeleka, akifidia upungufu kwa matangazo na kuwavuta wasomaji kwa riwaya za mfululizo. Magazeti yalipoongeza wasomaji yalihitaji karatasi zaidi. Viwanda vya karatasi vilihitaji matambara zaidi. Na watu waliokuwa hawana kitu walitoka usiku na kapu mgongoni na fimbo yenye ndoano, wakapekua taka za jiji. Mshairi aliyeishi kwa kuuza beti na makala kwa magazeti hayo alikuwa amesimama mwisho wa mnyororo ambao mwokota matambara alikuwa amesimama mwanzo wake. Wote wawili hukusanya kile ambacho jiji limekitupa. Ulinganisho uliomo ndani ya shairi, kwamba mtu huyo anagonga kuta kama mshairi, sasa unasomeka kama maelezo ya soko moja lililowashika wote wawili. Na wapelelezi wa polisi nao wana historia yao katika utawala ulioingia kwa mapinduzi ya Desemba 1851, ambapo Louis-Napoléon alivunja bunge, na mwaka mmoja baadaye akajitangaza mfalme kwa jina la Napoléon III.

Unaona, basi, kwamba ushuru wa mvinyo ni pete moja tu katika mnyororo huo. Benjamin aliiandika upya sehemu ya insha, akaacha ushuru na kuzungumzia mshtuko wa mtu anayepita katikati ya umati, na insha hiyo ya pili ikachapishwa katika jarida la Taasisi. Ni nzuri sana na imepangika kuliko ile ya kwanza, lakini nakiri kwamba ninaipenda zaidi ile ya kwanza, kwa sababu ndani yake bado harufu ya mtaa haijafutika.

SWALI: Nimesoma mahali pengine kwamba Georges-Eugène Haussmann alibomoa Paris kwa ajili ya afya ya umma, na mahali pengine kwamba alifanya hivyo ili askari waweze kuzima maasi. Benjamin alisimama upande gani?

JIBU: Alisimama zaidi upande wa pili, na hapo ndipo ninapotofautiana naye kidogo. Haussmann alikuwa mkuu wa mkoa wa Seine, ambao Paris ilikuwa ndani yake, tangu 1853 hadi alipoachishwa kazi mwanzoni mwa 1870. Benjamin anasisitiza kwamba barabara pana zilikusudiwa kufanya vizuizi vya mitaani visiwezekane kusimamishwa, na kuunganisha kambi za askari na mitaa ya wafanyakazi kwa njia ya mkato. Ushahidi upo: wakazi walikuwa wamesimamisha vizuizi mwaka 1830, 1832 na 1848, na Haussmann mwenyewe, katika kumbukumbu zake, anajisifu kwamba alilipasua tumbo la Paris ya zamani, mtaa wa ghasia na vizuizi. Lakini kipindupindu cha 1832 kiliua zaidi ya watu 18,000 jijini humo, na mifereji ya majitaka iliyochimbwa chini ya usimamizi wa mhandisi Eugène Belgrand haikuwa kisingizio. Mtaa mmoja uliweza kubeba makusudi yote mawili, pamoja na la tatu ambalo Benjamin analiona vizuri: faida ya walanguzi wa viwanja, wakati wapangaji maskini wakisukumwa pembezoni, katika jiji ambalo mwaka 1860 liliongezwa kutoka wilaya 12 hadi 20. Kama ni suala la askari peke yake, mpango haukufaulu, kwani mwaka 1871 wakati wa Komuni ya Paris, yaani utawala wa wananchi walioasi jijini humo, vizuizi vilisimama tena, safari hii vikikatiza barabara hizohizo pana.

Na hapa pia fasihi inasaidia kuona kile ambacho hoja ya kijeshi haikioni. Katika shairi la nathari la Baudelaire la mwaka 1864, mwanamume na mpenzi wake wameketi katika mkahawa mpya, kwenye kona ya barabara mpya ambayo bado ina vifusi. Mbele yao anasimama baba wa umri wa miaka kama 40, ndevu zimeanza kuota mvi, amemshika mtoto mmoja mkono na kumpakata mwingine asiyeweza bado kutembea, wote wamevaa matambara, wakiutazama mwanga wa gesi na dhahabu ya kutani. Mwanamume anaona haya kwa glasi na chupa zilizo mbele yake. Mwanamke anaomba mwenye mkahawa awafukuze. Mhakiki Mmarekani Marshall Berman, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alionyesha kwamba barabara iliyojengwa kwa kuvunja makazi ya maskini ndiyo hiyohiyo iliyowatoa maskini hao hadharani, uso kwa uso na matajiri, na kuyafanya mapenzi ya watu wawili kuwa suala la siasa. Ramani ya Haussmann haina mahali pa kuandika ugomvi huo wa wapenzi, ilhali ulizaliwa na ramani hiyo.

SWALI: Mtembezi anayetajwa kila mara katika utafiti huu, yule anayezurura mitaani akitazama tu, daima ni mwanamume. Wanawake wa Paris walikuwa wapi?

JIBU: Dada msomaji, hilo ni pengo la kweli. Mwanasosholojia Janet Wolff alilieleza vizuri mwaka 1985: mwanamke wa tabaka la kati aliyetembea peke yake bila shughuli alihatarisha heshima yake, kwa hiyo uhuru wa kuzurura na kutazama ulikuwa wa wanaume. George Sand, mwandishi wa riwaya aliyekuwa mwanamke mwenye jina la kiume la uandishi, alilitatua kwa kuvaa mavazi ya kiume alipofika Paris mwaka 1831, na akaandika jinsi buti zilivyomwezesha kukanyaga barabara bila hofu. Lakini wanawake walikuwepo mitaani kwa wingi, kwa sababu walikuwa kazini: wauzaji wa dukani, wafuaji, washonaji, makahaba. Benjamin anawataja, hasa makahaba, ila huwatazama zaidi kama ishara kuliko kama wakazi wenye jicho lao wenyewe. Atakayeusoma utafiti huu leo aende na barua, shajara na riwaya za wanawake wa wakati huo mkononi.

SWALI: Nasikia kitabu hakikumalizika. Tunasoma nini basi, na mtu aanzie wapi?

JIBU: Tunasoma majalada. Benjamin aliikimbia Ujerumani mwezi Machi 1933, na kwa miaka mingi ya uhamishoni alifanya kazi katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, kwenye ukumbi wa kusomea uliojengwa na Henri Labrouste na kufunguliwa mwaka 1868, wenye nguzo nyembamba za chuma na kuba zinazoingiza mwanga. Yaani aliandika kuhusu chuma na kioo akiwa amekaa chini ya chuma na kioo. Alipangilia dondoo na maelezo yake kwa mada, kila mada ikiwa na herufi yake: vipito, ujenzi wa Haussmann, mtembezi, mkusanyaji, taa, na Baudelaire, ambalo ndilo jalada nene kuliko yote. Mwaka 1940, Wajerumani walipoikaribia Paris, aliyaacha maandishi hayo kwa mwandishi Georges Bataille, aliyeyaficha maktabani humo. Yeye mwenyewe alivuka milima ya Pirenei kwa miguu, na huko Portbou, upande wa Hispania, alipoelezwa kwamba angerudishwa Ufaransa, alijiua mwezi Septemba. Majalada yalichapishwa mwaka 1982 chini ya uhariri wa Rolf Tiedemann.

Usianze na ukurasa wa kwanza kwenda wa mwisho. Anza na muhtasari wa mwaka 1935 uitwao Paris, mji mkuu wa karne ya 19, ambao ni mfupi na unaweka hoja zote mahali pamoja. Kisha soma mashairi ya Baudelaire ya Paris, hata kama ni machache. Baada ya hapo fungua jalada la Haussmann, linalofahamika kwa herufi E, na lile la mtembezi, herufi M, ukiwa na ramani ya jiji kando yako, na kila dondoo ujiulize kwa nini Benjamin aliinakili hiyo na kuiweka jirani na ile iliyofuata. Jalada la N, linaloeleza nadharia ya maarifa na ya historia, liache mpaka uwe umeyazoea hayo mawili, kwa sababu bila mifano ya mitaani maneno yake ni mazito na hayashikiki.